Theluji Ina Rangi Gani?

Ndugu zangu, naomba tuanzie Venice, Italia, mwaka 1539. Huko ndiko ilikochapishwa Carta Marina, ramani ya nchi za Kaskazini mwa Ulaya ya Olaus Magnus, padri Mkatoliki wa Uswidi aliyekuwa akiishi uhamishoni. Tazameni bahari yake: majoka, manyangumi yenye meno, nyoka aliyeviringa meli nzima. Wengine huona hadithi za watoto. Mimi naona hofu ya mabaharia, imetiwa wino.

Karibu miaka mia tatu baadaye, mchoraji J. C. Dahl, mtoto wa mvuvi wa Bergen, Norwei, naye aliichora Norwei akiwa mbali, Dresden, Ujerumani. Alirudi kwao kutembea kwa mara ya kwanza mwaka 1826, akachora milima na maporomoko ya maji mpaka madaftari yakajaa. Katika picha yake ya mwaka 1849, mbetula, mti wa nchi za baridi, umeinama ukingoni mwa jabali, dhoruba inaupiga, mizizi haiachii. Norwei wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Uswidi, na wengi wameliona taifa lao katika mti huo.

Lakini wa moyoni mwangu ni Harald Sohlberg, mchoraji mwingine wa Norwei. Aliiona milima ya Rondane wakati wa baridi, mwaka 1899, na picha yake kubwa hakuimaliza hadi 1914. Miaka kumi na mitano kwa mlima uleule! Nikiwauliza theluji ina rangi gani, mtanijibu nyeupe. Sohlberg anajibu samawati. Amepaka rangi nyembamba, tabaka juu ya tabaka, hadi usiku ukawa na kina. Mbele kuna miti myeusi isiyo na majani, na juu nyota moja. Hakuna mtu. Kimya chake unakisikia.

Sasa mchoraji wa Ufini, Akseli Gallen-Kallela. Mwaka 1905 alichora ziwa Keitele la kwao, upepo ukichora michirizi ya fedha juu ya maji yaliyotulia. Miaka minne baadaye akaja Kenya na mkewe na watoto, wakakaa Nairobi, akachora picha zaidi ya 150. Nyekundu na njano zikapasuka. Ziwekeni picha hizo kando ya Keitele, halafu mtazame nyasi: mkono ni uleule uliojifunza kuufuata upepo ziwani.