Pima Mwenyewe: Je, Programu ya Muziki Inakujua Kweli?

Karibuni tena. Leo chukua kalamu na karatasi, simu iweke pembeni kwanza. Programu za muziki hutuambia "tumekuchagulia wewe", nasi tunaitikia tu. Leo tutazipima.

Hatua ya kwanza. Andika nyimbo kumi unazozipenda kwa dhati, zile ukizisikia unaacha ulichokuwa unafanya. Usichungulie simu. Kando ya kila wimbo andika ulikufikiaje: rafiki, redio, dada yako, au programu. Karatasi hiyo itunze.

Hatua ya pili. Sasa fungua mapendekezo yako. Mimi nitatumia Discover Weekly ya Spotify, orodha ya nyimbo 30 inayotoka kila Jumatatu tangu 2015. Usibonyeze kucheza. Soma majina polepole, na kwa kila wimbo jiulize: nilifanya nini hata ukaletwa huu?

Hapa tusiharakishe. Mashine haiguswi na wimbo kama wewe. Inafuatilia vitendo: upi uliuacha ukaisha, upi uliuruka, upi uliuhifadhi. Kisha inakulinganisha na wasikilizaji wenye mienendo kama yako na kukuletea walichopenda wao. Ukipitiwa na usingizi muziki ukiendelea, hilo nalo limehesabiwa. Niliwahi kumwekea mwanangu sauti ya mvua usiku, wiki nzima, ili alale. Kwa muda mrefu baadaye programu niliyokuwa nikitumia iliniletea mvua na piano za usingizi, ikiamini ndiyo ladha yangu. Iliniuma, maana muziki ninaoupenda ulikuwa umezikwa chini kabisa.

Hatua ya tatu, tazama upande wa pesa. Mwaka 2020 Spotify ilitangaza mpango uitwao Discovery Mode. Msanii au lebo, yaani kampuni ya rekodi, huteua wimbo upewe uzito zaidi kwenye baadhi ya mapendekezo. Halipi kitu mwanzoni, ila kwa usikilizaji unaotokana na mpango huo hukatwa 30% ya mrabaha wa rekodi, yaani malipo ya mwenye rekodi wimbo unaposikilizwa. Sasa tazama skrini yangu: picha, jina la wimbo, jina la msanii. Sioni popote palipoandikwa wimbo huu umefikaje hapa. Kwangu hilo ni kosa. Msikilizaji anastahili kujua.

Hatua ya nne. Nenda kwenye mipangilio, zima uchezaji wa kujiendesha, ule unaoongeza nyimbo orodha yako ikiisha. Mtu mwingine akitumia simu yako, washa kwanza kipindi cha faragha (private session), ili anachosikiliza kisichukuliwe kuwa ladha yako. Orodha ya kulalia au ya watoto, gusa vile vidoti vitatu, uiondoe kwenye wasifu wa ladha yako.

Hatua ya tano ndiyo ndefu. Kwa wiki mbili tafuta muziki kwa kuandika jina mwenyewe. Chukua msanii mmoja wa karatasi yako, sikiliza albamu yake yote kwa mpangilio alioupanga yeye, kisha angalia nani alipiga gitaa au nani aliitayarisha, umfuate huyo.

Wiki mbili zikiisha, rudi kwenye karatasi. Kwenye yangu, nyimbo nane kati ya kumi zililetwa na watu ninaowajua. Hesabu zako, uniandikie hapo chini. Kisha mpigie mmoja wa hao watu, umuulize siku hizi anasikiliza nini.