Mtoto wa Bronx aliyepigwa kalenda miaka 3 kwa ajili ya begi

Habari zenu wapendwa. Shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama Tanga, Muheza, Dar. Leo sipiki wala sioneshi bei za madukani, waliokuja kwa hayo mnisamehe. Niko barabarani, upepo ni mkali, sauti ikikatika mnivumilie. Aliyeshika kamera ni kijana wangu wa miaka 15, kakataa nisimtaje jina.

Mnakiona kile kibao cha kijani juu ya nguzo? Kalief Browder Way. Hapa ni Prospect Avenue, Bronx, jijini New York, si mbali na ninapoishi. Nimepita hapa miaka sijui mingapi bila kuinua kichwa. Leo nimekuja kwa sababu majirani walikuwa na mkusanyiko wao wa kumkumbuka, na kuwasemea watoto walioko jela sasa hivi.

Kalief alikuwa mtoto wa huku huku. Mei 2010, ana miaka 16, anarudi nyumbani usiku kutoka kwenye sherehe, polisi wanamsimamisha. Kuna mtu anadai kaibiwa begi la mgongoni. Wanampekua, hana kitu. Mlalamikaji anageuza maneno, kumbe si usiku ule, ni wiki kadhaa nyuma. Akapelekwa hivyo hivyo. Dhamana ikawekwa dola 3,000, familia haikuwa nayo. Baadaye, kwa kuwa alikuwa chini ya uangalizi kwa kosa la zamani, hata hiyo dhamana ikafutwa. Akabaki jela ya Rikers.

Rikers ni kisiwa, kiko mtoni kati ya Bronx na Queens. Wengi waliomo hawajahukumiwa, wanasubiri kesi. Chukua gereza la Segerea la Dar, liweke kisiwani, unganisha na daraja moja. Na New York wakati ule ukishafika miaka 16 unashtakiwa kama mtu mzima. Mtoto anayetakiwa awe kidato cha tatu!

Sasa hapa ndipo nilipoganda. Tunajua wenyewe kwetu kesi inavyopigwa kalenda: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika." Huku mwendesha mashtaka anasimama kwa niaba ya wananchi, ndivyo anavyoitwa mahakamani. Kwa hiyo akiwa hajajiandaa, anasema: wananchi hawako tayari. Kalief alipandishwa mahakamani zaidi ya mara 30. Kesi haikusikilizwa hata siku moja. Aliambiwa akikiri aende zake nyumbani, akakataa, akasema hakuiba. Katika ile miaka mitatu, kama miwili aliikaa kwenye selo ya peke yake.

Basi leo mama mmoja mtu mzima, kavaa kofia ya sufu, alishika karatasi na kuanza kuita miezi. Juni. Julai. Agosti. Kila mwezi sisi tuliosimama tunaitikia: "Wananchi hawako tayari." Mwanzoni nilikuwa naitikia kwa aibu aibu, mnajua Kiingereza changu. Tulipofika kama mara ya ishirini, dereva wa basi kasimama kwenye taa, kafungua dirisha, naye anaitikia.

Pembeni walichora selo kwa chaki njiani, na mstari wa kitanda na duara la choo. Unaingia, unasimama dakika tano bila simu. Mwanangu aliingia. Hatua nne, kageuka. Hatua nne, kageuka. Mimi dakika ya pili nilishatoka, nikasingizia baridi.

Mashtaka yalifutwa 2013, mlalamikaji hata nchini hakuwepo tena. Kalief akarudi nyumbani, akaanza chuo, lakini ile selo alitoka nayo. Juni 2015 alijiua, ana miaka 22. Mama yake, Venida, akaendelea kusimama mbele za watu akisema habari za mwanawe mpaka naye akafariki 2016. Mwaka uliofuata New York ikapitisha sheria: wa miaka 16 wasihesabiwe watu wazima kuanzia Oktoba 2018, wa 17 Oktoba 2019.

Najua kwenye maoni kuna shangazi ataandika, kama alivyoandika juzi: "Watoto wa huko mnawadekeza ndiyo maana wanafungwa." Shangazi, vijana weusi nchi hii wanafungwa zaidi ya mara 4 ya vijana wa kizungu. Kudekeza gani huko kunakochagua rangi? Na niseme langu pia. Nilipofika hapa, ushauri wa kwanza niliopewa na Waafrika wenzangu ni huu: mwanao asifuatane na watoto wa Wamarekani weusi. Nikaubeba, nikamwimbia mtoto miaka mitatu. Kana kwamba polisi akimsimamisha saa nne usiku atamuuliza kwanza kama bibi yake yuko Muheza.

Harlem, hapa hapa New York, kwenye ukuta wa bustani ya Central Park, kuna lango walilolipa jina 2022 kwa ajili ya vijana watano, wanne weusi na mmoja mwenye asili ya Amerika ya Kusini... hapana, nimechanganya, asili ya Puerto Rico. Walikamatwa 1989 kwa kosa ambalo hawakulifanya, hukumu zikafutwa 2002. Mmoja wao, Yusef Salaam, alikuwa na miaka 15, sasa ni diwani wa Harlem. Hilo nitalitengenezea video yake.

Tumemaliza, tunaelekea kwenye treni. Kijana kazima taa, kakunja mguu wa kamera, kaweka kila kitu kwenye begi langu na kulitia mgongoni. Tumetembea kidogo, akaniuliza, "Mama, risiti ya hii kamera unayo?"

Nikamvua begi. Nimelibeba mwenyewe mpaka nyumbani.