Kuchagua Ugumu, Kuhesabu Risasi

Asanteni kwa kufika, ndugu zangu. Jioni ya leo naanza na ukurasa ambao wengi wetu huupita haraka: ule unaokuuliza, kabla hujaona hata zombi mmoja, unataka gemu iwe na ugumu wa kiasi gani.

Nani hapa huchagua mgumu mara ya kwanza kabisa? Naona mikono mingi. Nawaelewa. Tumekulia kwenye gemu za mpira na za magari ya mashindano, na huko ugumu hupima ustadi. Ukishinda kwenye mgumu, wewe ni fundi. Gemu ya kutisha haiko hivyo. Huko ugumu hupima hofu, na hofu yenyewe hutoka kwenye hesabu: nina risasi sita, nyuma ya mlango ule nasikia miguu inaburuzwa, sijui ni ya wangapi.

Tuchukue Resident Evil 2 ya mwaka 2019, ile ambayo kampuni ya Capcom waliijenga upya kutoka gemu yao ya 1998. Uko ndani ya kituo cha polisi cha Raccoon City, jengo ambalo zamani lilikuwa makumbusho. Unapewa viwango vitatu. Kwenye cha kusaidiwa, afya yako hujirudia yenyewe kwa kiasi na gemu hukusaidia kulenga. Cha kawaida hakikupi msaada huo, lakini unasevu, yaani unahifadhi ulipofikia, kwenye taipureta zilizomo ndani ya gemu, bure, mara nyingi utakavyo. Kwenye kikali, kila kusevu kunakula utepe wa wino, na tepe zina idadi. Hapo taipureta, kitu cha kukupumzisha, inageuka kuwa kitu cha kuwaza: nisevu sasa, au niende mbele kidogo?

Napenda sana kile kikali. Lakini simshauri mtu aanze nacho, na sababu yangu ni hii. Ukiuawa mara tatu kwenye ukumbi mmoja, safari ya nne huogopi tena. Unajua mkono utavunja dirisha lipi, unajua uzungukie wapi. Umekariri. Na hofu iliyokaririwa ni kama hadithi uliyoambiwa mwisho wake. Upande wa pili, ukijaa risasi mfukoni, zombi anakuwa kopo la kulengea shabaha. Tafuta katikati yake: kiwango ambacho unakufa mara chache, ila kila mlango unaamini kwamba safari hii utakufa. Kwa watu wengi ni kile cha kawaida. Kwa mtu ambaye hajazoea kushika pedi ya kuchezea gemu, ni kile cha kusaidiwa, na asiwepo wa kumcheka, kwa sababu hofu anayoipata ni ileile.

Wapo watengenezaji walioliona jambo hili mapema. Silent Hill 2 ya 2001 ilikuuliza mara mbili: mapigano yawe magumu kiasi gani, na mafumbo yawe magumu kiasi gani. Mtu anayependa kufumbua lakini mikono yake mizito alipata nafasi yake. Resident Evil 4 ya 2005 ilikwenda mbali zaidi, ilikupima kimyakimya. Ukicheza vizuri, maadui wanakuwa wakali. Ukifa sana, wanalegea, na kuna sehemu hata idadi yao inapungua. Mchezaji haambiwi. Naiona kuwa kazi ya upendo, kwa sababu inamlinda asikate tamaa bila kumwaibisha.

Sasa tuje kwenye kubaki hai, maana najua wengi wenu mmekuja kwa hilo.

Kosa kubwa ni kudhani kila kinachosimama lazima kilale. Kwenye kile kituo cha polisi, kumlaza zombi kunakula risasi nyingi, na akilala bado anaweza kuamka. Kwa hiyo usijiulize utamuuaje. Jiulize: njia hii nitapita tena mara ngapi? Yule aliye kwenye ukumbi mkuu wa kupitia, ambao utaurudia mara kumi, huyo anastahili risasi zako. Yule aliye kwenye chumba ulichokwisha kukipekua, mwache na chumba chake. Na mbao za kuzibia madirisha ni chache kuliko madirisha yenyewe, basi ziba yale yaliyo kwenye njia zako za kila siku.

Ukilazimika kupita, piga mguu. Akianguka, zunguka uende zako. Ukilazimika kufyatua kichwani, simama tuli kwanza. Alama ya kulengea inajikusanya, na risasi iliyosubiri ina nguvu kuliko ile ya papara. Kusubiri huku mtu mfu anakusogelea ni jambo gumu kweli, na ndiyo raha ya gemu hii.

Mguu unafaa pia kwenye Resident Evil 4, ila kwa njia nyingine. Adui zako wa mwanzo ni wanakijiji; mmoja akipigwa gotini anapepesuka, unamsogelea unampiga teke, na teke hilo linawaangusha wenzake waliomzunguka. Risasi moja imefanya kazi ya tano. Lakini ukiipeleka tabia ya kupenda vichwa kwenye Dead Space ya 2008, utateseka. Viumbe wanaokushambulia ndani ya Ishimura, meli ya angani, hukatwa mikono na miguu, na kichwa hakiwashughulishi sana. Kila gemu ina mwili wake wa kusoma, na dakika za mwanzo ni za kuusoma.

Kuna dada kule nyuma ameuliza kuhusu Licker wa Resident Evil 2, yule mwenye ubongo wazi anayetambaa darini. Dada yangu, yule haoni. Anasikia. Ukikimbia, umekwisha. Ukifyatua risasi, umemwita. Shusha bunduki. Sukuma kijiti cha pedi kidogo tu ili mtu wako atembee, mpishe upande wa pili wa ukuta, hata akikujia karibu uone ulimi wake. Usikimbie mpaka mlango ufungwe nyuma yako.