Mlinzi wa Mtandao Huanza Kuwa Fundi

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta na mafundi wa mitandao, Mtwara

Wakubwa zetu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Najua wengine mmeamka alfajiri kutoka Masasi na Newala, kwa hiyo sitazunguka mbuyu.

Kwenye sinema mhandisi wa usalama wa mtandao ni kijana aliyevaa kofia, amejifungia gizani, anapiga kibodi kama ngoma. Futeni picha hiyo. Siku nyingi mtu huyu anahesabu vifaa, anasoma logi, yaani kumbukumbu za kila kilichotokea kwenye mashine, anafunga njia zisizotumika, na anabishana na bosi asiyetaka seva izimwe nusu saa ili isasishwe. Ndiyo kazi. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu duniani kote, kiliingia kwenye Windows kupitia poti 445. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, tangu tarehe 14 Machi. Karibu miezi miwili! Mashine nyingi zilizoumia zilikosa mtu wa kujua kwamba zipo na hazijasasishwa.

Nimetaja poti, na najua humu ndani kila mtu amewaza bandari. Si vibaya. Chukulieni kompyuta ni bandari na poti ni gati zake: kila gati na mzigo wake. Gati 22 hupokea SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, 53 ni ya majina ya tovuti, 443 ni ya tovuti zilizofungwa kwa usimbaji, 3389 ni ya kuiendesha Windows ukiwa mbali. Gati lisilo na meli lina faida gani kuachwa wazi? Hapo ndipo ulinzi unapoanzia, na anayekimbilia zana za kudukua kabla ya kuelewa hili anajifunza kubofya tu. Zana ikibadilika, naye amekwama.

Sasa tuingie karakana. Laptopu yenye RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 60 kwenye diski inatosha. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, halafu tengeneza humo kompyuta mbili za ndani, yaani mashine pepe: Kali Linux, ya kujaribia mashambulizi, ipe GB 2 za RAM, Ubuntu Server, ya kulindwa, ipe GB 1 na nusu, zinazobaki ziachie laptopu yenyewe. VirtualBox ikikuonyesha mifumo ya biti 32 peke yake, usiifute ukaiweka upya mara tatu. Ingia BIOS, ile mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwashe uwezo wa mashine pepe, unaoitwa VT-x kwenye Intel na SVM kwenye AMD.

Mafaili haya ni makubwa na bando ni ghali, kwa hiyo mtapeana kwa flashi. Hakuna ubaya, ila faili lililokatika njiani au kuchezewa halijitangazi. Kokotoa alama yake ya SHA-256, zile herufi na tarakimu 64, uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye tovuti ya waliotengeneza. Ikipishana hata moja, tupa faili. Kazi ya dakika mbili, na tayari umefanya usalama wa mtandao.

Mashine zote mbili zisasishe zikiwa kwenye intaneti, kisha zihamishie kwenye mtandao wa ndani usiotoka nje ya laptopu. Usiziunganishe moja kwa moja na Wi-Fi ya chuo. Ukikosea anwani ukaanza kupekua mashine ya ofisi ya uhasibu, umeshaondoka kwenye mazoezi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakuhusu. Ruhusa ya kupekua mashine ya mtu iwe ya maandishi, itaje mashine zipi na kuanzia lini hadi lini. Ruhusa ya mdomo ya rafiki anayefanya kazi pale si ruhusa.

Zoezi la kwanza ni SSH, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wengi huanguka hapahapa. Kwenye Ubuntu fungua faili la /var/log/auth.log, halafu kutoka Kali jaribu kuingia kwa nywila ya uongo mara tano. Utaona kila jaribio limeandikwa: saa, jina, anwani lilikotoka. Baada ya hapo achana na nywila, tumia ufunguo. Tengeneza jozi ya funguo, peleka ule wa wazi kwenye seva, ule wa siri ubaki kwako. Ukikataliwa, tazama ruhusa kabla ya kulaumu ufunguo: folda ya .ssh iwe 700, faili la authorized_keys liwe 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayezifikia. Seva ikiona watu wengine wanaweza kuandika humo, inaupuuza ufunguo wako, nawe unaona imekuuliza nywila tu.

Kisha ndiyo uzime nywila kwenye usanidi wa SSH. Dirisha la kwanza ulilokwisha kuingia liache wazi, ujaribu kuingia kwa dirisha la pili. Fundi anayefunga mlango huku ufunguo kausahau ndani, kama seva iko Dar, atapanda basi. Jambo jingine la kutia wazimu: umeandika nywila zizimwe, seva bado inazikubali. Kwenye Ubuntu mara nyingi kuna faili dogo la cloud-init, programu inayoiandaa seva inapowaka mara ya kwanza, ndani ya folda ya sshd_config.d linalosema kinyume, na SSH hushika neno la kwanza inalolisoma, si la mwisho. Amri ya sshd -T itakuonyesha kinachotumika kweli.

Halafu saa. Logi imeandika 20:14 UTC, yaani saa ya dunia nzima. Hapa kwetu ni 23:14, na mlinzi wa getini atakwambia “saa tano na robo hivi.” Mgeni akiandika 5:15 kwenye ripoti, uchunguzi umeharibika. Tuna saa tatu vichwani, za UTC, za Afrika Mashariki na za Kiswahili, kwa hiyo ripoti nzima iandike kwa moja, na shahidi muulize ni usiku au mchana. Seva zote zichukue saa sehemu moja kwa NTP, njia ya kompyuta kulinganisha saa kupitia mtandao. Zikipishana dakika nne tu, utaona mwizi ametoka kabla hajaingia.

Kuna tawi la kazi hii ambalo sisi wa Kusini hatupaswi kulidharau, nalo ni mifumo ya viwandani. Gesi ya Mnazi Bay inasafishwa Madimba, ya Songo Songo iko Lindi, na popote penye bomba pana vali na vipimo vinavyoongozwa na kompyuta. Sisemi pale wanatumia nini. Ila duniani, lugha moja inayotumika sana viwandani ni Modbus, ya mwaka 1979, poti 502. Kwa asili yake haimuulizi mtu yeyote yeye ni nani: amri ikifika, inatekelezwa. Tena kidhibiti cha zamani ukikipekua kwa nguvu kama unavyopekua seva, kinaweza kuganda, na bomba halina kitufe cha kuwasha upya. Ofisini tunatanguliza siri. Kiwandani kwanza mtu asiumie na kazi isisimame.

Bomba la mafuta la Colonial huko Marekani lilisimama Mei 2021. Wadukuzi walipita kwenye akaunti ya zamani ya kuingilia kutoka mbali, iliyolindwa kwa nywila pekee. Walishika kompyuta za ofisini, kampuni yenyewe ikafunga bomba kwa tahadhari, ikalipa kikombozi cha bitcoin 75. Akaunti isiyotumika, jamani! Ndiyo maana nasema kuhesabu ni kazi.

Vyeti nitavipitia haraka. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya fani hii. Cheti cha kuanzia ni Security+: maswali yasiyozidi 90, dakika 90, alama za kufaulu 750 katika kipimo kinachoishia 900. OSCP, cheti cha kudukua kwa ruhusa, ni mtihani wa vitendo wa saa 23 na dakika 45, ukishaiva. CISSP, cheti cha wataalamu wakongwe wa usalama, inadai uzoefu wa miaka 5, kwa hiyo anayekuuzia kozi yake ukiwa mwaka wa kwanza anataka ada yako.

Walioleta laptopu ambazo VirtualBox imegoma, sogeeni meza ya mbele. Tuanze na BIOS.