Zege Kabla ya Kalamu

Marahaba, wanangu. Kaeni. Walimu, nashukuru kwa kunipa saa hii ilhali mitihani ya kidato cha sita iko mlangoni.

Mnaona hapa mbele kuna saruji, ndoo za mchanga na kokoto, fimbo ya chuma, na hiki chombo cha bati nene kinachofanana na pia iliyokatwa kichwa. Fundi wetu ameshaanza kukoroga zege pale chini ya mwembe. Mnajua mafundi wanavyosema: zege halilali. Kwa hiyo sitawaweka sana.

Mkimaliza mitihani, wengi wenu mtakwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wengine mtapangiwa Msange, hapa hapa Tabora, wengine Bulombora au Mtabila kule Kigoma. Na kila nikija kwenye shule kama hii huulizwa swali lile lile: mtu anaweza kuwa askari na mhandisi kwa wakati mmoja? Anaweza. Na ukichimbua historia utakuta fani yenyewe ilitokea jeshini. Tunaposema "sivil injinia", neno hilo sivil maana yake ni raia. Liliwekwa kumtofautisha na mhandisi wa jeshi, ambaye alikuwepo kabla yake akijenga ngome, madaraja na barabara za kupitisha mizinga.

Wafaransa walifungua shule yao kubwa ya wahandisi, École Polytechnique, mwaka 1794. Mwaka 1802 Marekani ikaanzisha chuo chake cha maofisa, West Point, kando ya mto Hudson, na kwa muda mrefu hapo ndipo palipokuwa mahali pakuu pa kusomea uhandisi katika nchi ile. Aliyekijenga kweli kweli ni Sylvanus Thayer, mkuu wa chuo kuanzia 1817 hadi 1833. Alikuwa amekwenda Ufaransa kujifunza, akarudi na vitabu na utaratibu. Utaratibu wake nauhusudu mpaka leo: somo unalisoma mwenyewe usiku. Asubuhi mnaingia darasani wachache, kila mmoja anashika chaki, anasimama ubaoni, anatatua swali na kueleza kwa nini amefanya hivyo. Alama unapewa siku hiyo hiyo. Hakuna kujificha nyuma ya mwenzako mpaka mwisho wa muhula. Ninyi mnaosoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, jaribuni hilo usiku wa leo bila kungoja mwalimu.

Waliotoka pale walikwenda mbali. George Whistler, aliyehitimu 1819, aliitwa na Warusi kusimamia reli ya kutoka Moscow hadi St Petersburg. Kipindupindu kilimuua mwaka 1849, miaka miwili kabla reli haijafunguliwa. Ninyi mliokua mkisikia honi ya treni ya Kigoma usiku, mnaelewa reli inafanya nini kwa mji. Ya kwetu ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na waliobeba mataruma yake ni babu zetu.

Lakini mtu ninayetaka mumkumbuke leo ni Henry Flipper. Alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka 1856. Mwaka 1877 akawa Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuhitimu West Point. Miaka yake minne pale wenzake wengi hawakumsemesha. Chakula pamoja, paredi pamoja, neno hakuna. Alipohitimu akapelekwa kambi ya Fort Sill, Oklahoma. Pale palikuwa na madimbwi ya maji yaliyotuama, na askari walikuwa wakiugua malaria. Flipper akapima mteremko wa ardhi, akachora mtaro, akasimamia uchimbaji wake, maji yakaondoka na ugonjwa ukapungua. Wakati ule wanasayansi walikuwa hawajathibitisha kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria. Yeye aliondoa maji tu, na kwa kuondoa maji akaondoa mazalia. Baadaye alishtakiwa jeshini kwa wizi wa fedha. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani kwa wizi, ila ilimtia hatiani kwa mwenendo usiofaa ofisa, naye akafukuzwa mwaka 1882. Akaishi kwa kazi ya uhandisi uraiani hadi uzee. Msamaha wa rais ulitoka mwaka 1999, yeye akiwa kaburini tangu 1940. Ule mtaro umehifadhiwa kama alama ya kitaifa. Najua hapa wapo waliotoka vijiji vya kando ya mto Malagarasi. Ninyi hamhitaji kuelezwa thamani ya mtaro.

Sasa niwapeleke Colorado, kwenye chuo cha Jeshi la Anga la Marekani. Wanafunzi wao wa uhandisi wa ujenzi hawaanzi na usanifu. Kabla ya masomo hayo hupelekwa kwenye kambi ya mafunzo wakati wa kiangazi, na kanuni ya pale ni hii: jenga kwanza, sanifu baadaye. Wanakoroga zege, wanafunga nondo, wanachomelea vyuma, wanamwaga lami. Kwa miaka mingi wamejenga pia hogani, nyumba ya asili ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, yenye pembe nane na mlango unaotazama mashariki. Ikikamilika hupakiwa kwenye lori na kupelekewa familia inayohitaji makazi. Kijana wa miaka ishirini anajua kwamba ukuta anaoupigia timazi leo, kuna mama atalala nyuma yake. Akirudi darasani akaambiwa nondo ziachwe nafasi kiasi fulani, anakumbuka vidole vyake vilivyoshindwa kupita katikati ya ringi zilizobanana, na kokoto zilivyokwama pale pale.

Mimi sikupata bahati hiyo. Nilisoma vizuri, nikafaulu vizuri, nikapewa kalavati kusimamia kwenye barabara ya moramu. Mwajiri wangu wa wakati huo simtaji. Eneo lilikuwa mbuga, ule udongo mweusi mnaoujua, unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka ng'ombe anaingiza mguu kwenye ufa. Michoro yangu ilikuwa sawa. Siku ya kumwaga zege, jua la saa saba, nikakaa kivulini na ramani. Vijana wa karai waliona zege ni zito, wakaongeza maji. Wakaongeza tena. Likawa uji, likamwagika kirahisi, kila mtu akafurahi. Nilipofika nikaliona linang'aa juu nikadhani ndivyo linavyotakiwa kuwa. Masika ya pili lile kalavati lilikatika. Hakufa mtu, ila kuna mama mjamzito aliyevushwa kwa kubebwa mgongoni, usiku, kwenye maji ya kiunoni. Nilikwenda kumwona. Hakunilaumu, kwa sababu hakujua mimi ni nani. Nilimwambia.

Ndiyo maana nasema JKT isiwapite bure. Mkipewa chepe, shikeni chepe. Kambi nyingi zina ujenzi, na SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, ipo tangu 1981 ikijenga nchi nzima. Mwombe fundi akuoneshe pima maji inavyosomwa.

Kuhusu njia yenyewe niseme kwa ufupi. Chuo cha kijeshi cha Monduli ni cha kumlea ofisa. Shahada ya uhandisi wa ujenzi hapa kwetu utaikuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na kwingineko. Ukihitimu, ipo miaka 3 ya kufanya kazi chini ya uangalizi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijakutambua kuwa mhandisi kamili. Msiione mirefu. Na vyuo vya kijeshi vya nje vinavyosomesha bure, havisomeshi bure. West Point unasoma miaka 4, hulipi ada, unalipwa posho, kisha ofisa wao anadaiwa miaka 5 ya utumishi kamili. Asiyetaka kuamrishwa kuhama mji na kulala hemani asiende kwa sababu ya ada.

Fundi, tayari? Lete karai.

Chombo hiki kina urefu wa milimita 300. Tunakijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa mapigo 25 kwa fimbo hii. Tunasawazisha juu, tunakinyanyua wima taratibu, halafu tunapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kidogo, maji ni ya kiasi. Likimwagika chini kama uji, ndilo lile la kalavati langu. Tutapima hili la fundi, kisha tutaongeza ndoo ya maji tupime tena, mwone kwa macho.

Nahitaji watu wawili. Wewe dada wa safu ya mwisho, njoo ushike fimbo. Na wewe kaka, kanyaga vishikio vya huku chini, kisicheze. Wengine sogeeni, hesabuni kwa sauti. Tabaka la kwanza. Moja.