Raha ya Prado inaanzia chini

Mhadhara kwa mafundi na wamiliki wa magari, Ilala, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wangu. Mafundi wenzangu, kina mama na kina baba, asanteni kwa kuja na mvua hii. Waliotoka Goba na Mbezi najua mmepita wapi.

Wakati naingia nimehesabu Toyota Prado sita hapo nje. Iko moja ya miaka ya tisini, rangi imefifia kwenye boneti. Iko moja mpya kabisa, nailoni za kiwandani bado ziko kwenye viti. Jina ni moja, na kati yao kuna karibu miaka thelathini ya kazi ya wahandisi. Watu wakiniambia Prado ni gari la raha, huwauliza raha hiyo iko wapi. Wananionyesha ngozi ya viti, kiyoyozi cha nyuma, skrini kwenye dashibodi. Mimi nimelala chini ya magari haya kwa miaka ishirini na miwili, na ninawaambia raha ya Prado iko huko chini. Imejengwa huko, hatua kwa hatua. Anayeinunua kwa kutazama juu tu amekagua nusu ya gari, tena ile nusu ya bei rahisi kutengeneza.

Tuanzie kwa babu yake. Mwaka 1951 Toyota waliunda gari la kazi lililoitwa BJ. Mwezi Julai mwaka huo dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, alilipandisha hadi kituo cha sita cha Mlima Fuji. Jina la Land Cruiser lilikuja baadaye, 1954. Lilikuwa gari la polisi, la misitu, la watu wa nguzo za umeme. Chini yake kulikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja unaounganisha tairi la kushoto na la kulia, zimebebwa na springi za mapasi, yale mabapa ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Mapasi hubeba mzigo vizuri na fundi wa kijijini huyatengeneza kwa nyundo. Lakini hayana huruma na abiria. Waliopanda Hardtop, ile Land Cruiser fupi ya zamani, kwenda Ifakara kabla ya lami, mmekaa ubavu kwenye yale mabenchi ya nyuma, hilo sihitaji kuwaeleza.

Mwaka 1984 ikatoka familia ya Land Cruiser ambayo Toyota waliipa namba 70, ambayo hadi leo ndiyo tunayoiona porini na kwenye hospitali za wilaya. Mwaka uliofuata likatoka tawi lake jepesi. Nchi nyingine liliuzwa kwa jina la Land Cruiser II. Sura ilikuwa ya Land Cruiser, ila injini na viungo vingi vya chini vilitoka upande wa Hilux: dizeli ya lita 2.4, ekseli nyembamba zaidi. Na mapasi yaliondolewa. Pembe zote nne zikawekwa springi za koili. Wazee wa magari wengi walilidharau, wakasema hilo si Land Cruiser. Mimi nasema siku ile ndipo raha ilipozaliwa, na ilizaliwa kwenye springi. Mwaka 1990 likapewa milango mitano na jina la Prado, neno la Kihispania na Kireno lenye maana ya uwanda wa majani, konde la malisho.

Sasa 1996, toleo la Prado lenye namba 90. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kila kitu kilipogeuka.

Wahandisi waliikata ekseli ya mbele. Mnaelewa ekseli nzima inavyofanya kazi? Ni kama watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja begani. Mmoja akijikwaa, mwenzake anayumba. Tairi la kushoto likiingia shimoni pale Kigogo, la kulia linapata habari, usukani unapata habari, na mama aliyekaa mbele na chai yake anapata habari. Katika toleo la 90 kila gurudumu la mbele lilipewa amu zake mbili, yaani mikono ya chuma inayolishika, koili yake na shokapu yake. Mmoja akijikwaa, anajikwaa peke yake. Gari likaanza kwenda kama gari dogo la saluni kwenye lami, usukani ukatulia, na mwendo wa saa nane kwenda Moshi ukawa kitu ambacho mzee wa miaka sabini anakimudu.

Lakini nyuma hawakukata. Waliacha ekseli nzima, na hadi Prado mpya ya leo ipo. Kwa nini? Kwanza mzigo: magunia, maji, ndugu saba wanaokwenda msibani. Pili, kwenye makorongo, gurudumu moja la nyuma likisukumwa juu na jiwe, ekseli nzima hulisukuma la pili chini litafute ardhi. Gari linabaki limesimama kwa miguu yake. Kwa hiyo mbele ni laini na nyuma ni ngumu. Ndoa hiyo ya mbele na nyuma ndiyo Prado. Kama mtaondoka na kitu kimoja jioni hii, naomba kiwe hicho.

Toleo hilo pia lilivuta kwa magurudumu manne wakati wote, likiwa na difu ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Dereva hahitaji kushuka wala kukumbuka kuvuta kigingi. Anateremka Kitonga na mvua, gari linashika lenyewe. Akizama kweli, anaifunga difu ile na kuweka gia ndogo, na hapo babu yake wa 1951 anaamka.

Wakati huohuo washindani walikuwa wanachagua njia nyingine. Mitsubishi Pajero, ambayo wakubwa zetu wengi waliipenda sana, ilipotoka upya 1999 iliachana na chesisi ya kujitegemea. Bodi na fremu vikawa kitu kimoja. Ford Explorer ikafanya hivyo kwa toleo la 2011. Land Rover Discovery ikafika hukohuko kwenye kizazi chake cha tano. Sizilaumu. Gari la namna hiyo huwa jepesi, hula mafuta kidogo, na sakafu yake hushuka ukaingia bila kupanda ngazi. Mtu wa mjini mwenye barabara nzuri hana sababu ya kubeba chesisi.

Prado ilibaki na ngazi yake: mihimili miwili mirefu ya chuma, imeunganishwa kwa vipande vya kukatiza, na bodi imekalishwa juu yake kwa bushi nene za mpira. Bushi hizo za bodi wengi hawazijui. Ndizo zinazozuia kelele za barabara zisipande hadi kwenye kiti. Ukimya unaousikia ndani ya Prado, ukimya ambao muuzaji anausifia huku akigonga mlango, sehemu yake kubwa ni vipande vya mpira chini ya zulia. Vikichoka, gari linaanza kugugumia, na mwenye gari anabadilisha spika za redio.

Mwaka 2002 likaja toleo la 120, lililochorwa Ufaransa kwenye studio ya Toyota ya Ulaya. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa kutoka milimita 2,675 hadi 2,790. Milimita 115 ni upana wa kiganja, lakini gari refu halidundi kama fupi, na abiria wa kati akapata pa kuweka magoti. Matoleo ya juu yakapata mifuko ya hewa nyuma badala ya koili. Chesisi ileile ikapelekwa Marekani, ikawekewa injini ya silinda nane ya lita 4.7, ikaitwa Lexus GX 470. Mtu wa mradi aliyekuwa anakwenda Namtumbo na tajiri wa California walikuwa wamekalia ngazi moja.

Toleo la 150 lilifuata 2009. Sura sitaizungumzia, mnaijua. Linalonivutia ni mfumo wa stabilaiza waliowekea baadhi ya magari hayo. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale upande kwenye kona. Ikiwa nene, kona ni nzuri lakini porini gurudumu haliwezi kushuka. Ikiwa nyembamba, kinyume chake. Waliunganisha ya mbele na ya nyuma kwa mabomba ya mafuta yenye msukumo: kwenye kona inakaza, kwenye makorongo inaachia. Nilipoifungua kwa mara ya kwanza nilikaa chini nikaiangalia nusu saa.

Hata hivyo urefu na uzito havidanganyiki. Aprili 2010 jarida la Consumer Reports la Marekani liliwaambia wasomaji wasinunue Lexus GX 460, dada yake Prado 150, kwa sababu ya jinsi lilivyoteleza nyuma kwenye kona ya majaribio dereva alipoachia mafuta ghafla. Lexus walisimamisha mauzo, wakarekebisha programu ya kudhibiti mwendo. Vijana mnaoshindana na mabasi pale Chalinze usiku, hilo ni lenu.

Agosti 2023 Toyota wakafunua toleo la 250, na wakasema wenyewe kwamba Prado ilikuwa imesogea sana upande wa anasa na bei, na kwamba wameirudisha kwenye asili yake, gari la kumsaidia mtu katika maisha na kazi yake. Bodi imerudi kuwa ya pembe, na taa za mviringo zinapatikana kama za zamani. Ila msikilize cha chini: chesisi imetoka familia moja na ile ya Land Cruiser 300, yaani shangingi lenyewe. Umbali wa magurudumu umekuwa milimita 2,850, sawa na wa kaka yake mkubwa. Toyota wanasema ugumu wa fremu umeongezeka kwa asilimia 50. Usukani kwa mara ya kwanza unasaidiwa na umeme. Kuna swichi ya kuachia stabilaiza ya mbele ukifika porini. Gari lile limezidi kuwa gumu na limezidi kuwa laini kwa pamoja, na yote mawili yameingilia mlango uleule, wa chini.

Sasa turudi kwetu, maana ninyi mnanunua zilizotumika.

Mwenye injini ya 1KZ ya lita 3.0, ile ya kabla ya nozeli za kompyuta za mwaka 2000: silinda hedi yake ni ya aluminiamu na haivumilii joto. Foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni, klachi ya feni imechoka, rejeta imejaa kutu kwa sababu mmekuwa mnaongeza maji ya bomba. Inachemka mara moja, hedi inapasuka. Kagua feni kabla ya kukagua redio. Na mwenye dizeli ya lita 2.8 iliyotoka Japani kuanzia 2015, gari lako lina tangi dogo la maji ya yurea na chujio la moshi. Usipoyajaza gari litagoma kuwaka, na chujio linahitaji safari ndefu mara kwa mara lijichome uchafu wake. Gari la Masaki hadi Posta kila siku halipati nafasi hiyo. Lipeleke Bagamoyo Jumapili.

Mwaka juzi mama mmoja wa Tabata alileta 120 nyeusi, safi, viti vya maziwa. Alikuwa ameinunua mwezi huohuo, aliyemuuzia simtaji. Alisema nyuma kuna sauti. Nikalala chini na nyundo yangu ndogo. Chesisi yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito. Nilipogonga juu ya ekseli ya nyuma, chuma hakikulia. Kilitoa sauti ya boga bovu, na vipande vikaniangukia kifuani. Gari lilitoka kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, likaja kumalizia kwenye hewa yetu ya bahari. Tulinyanyua bodi nzima, tukakata, tukaunga chuma kipya. Wiki tano. Alikuwa anapita gereji kila Ijumaa baada ya kazi, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, hasemi kitu. Naikumbuka sana ile ndoo.

Angalieni kadi zenu za usajili. Serikali inalitambua gari kwa namba ya chesisi, na kwenye Prado namba hiyo imegongwa kwenye mhimili wa mbele kulia. Chuma kile ndicho gari kisheria.

Kijana pale nyuma ameuliza kuhusu rimu za inchi ishirini na tairi nyembamba. Mwanangu, tairi ni springi ya kwanza ya gari. Ukipunguza unene wake, kazi yake inahamia kwenye bushi na boli jointi, na wahandisi waliotumia miaka yote ile kukulainishia njia umewafuta kwa mchana mmoja. Watu hulipa kwa furaha kushona viti upya, kisha wakaniomba niwawekee bushi feki kwa sababu hazionekani. Hilo linaniumiza, nasema kweli.

Mvua imekatika. Nina tochi tatu na maboksi ya kulalia. Tuanze na ile ya miaka ya tisini, mwenyewe amekubali, halafu tuje kwenye hiyo mpya tulinganishe amu za mbele.