Hewa ya Nairobi: Tunapima Nini Hasa?

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, hamjambo.

Watu huniuliza: moshi wa magari Nairobi umezidi au umepungua? Anayeuliza kwa kawaida ameshajijibu, maana ametoka kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, nyuma ya lori linalofuka moshi mweusi. Tatizo ni kwamba chembechembe zinazopenya ndani kabisa ya mapafu, zile zisizozidi maikromita 2.5, hazionekani kwa macho.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Huo ni wastani wa mwaka mzima. Namba ya asubuhi moja kwenye simu yako haiwezi kulinganishwa nao, hata ikitisha vipi.

Halafu kuna majira. Masika huosha hewa. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ikishuka, hewa yenye joto hukaa juu ya ile ya chini na kuufunika moshi kama kifuniko cha sufuria. Ukilinganisha Aprili na Julai utayalaumu magari bure. Linganisha Julai na Julai.

Vifaa vya bei nafuu vya kupimia hewa navipenda, ila vina ujanja wake. Hutumia mwanga wa leza, na unyevu ukizidi chembe huvimba, kifaa kikasoma juu kuliko kilichopo. Lazima kwanza kikae kwa muda kando ya mashine sanifu, kisahihishwe. Kisha kikishawekwa mahali pake, kisihamishwe! Anayekitoa kando ya barabara na kukipeleka juu ya paa la ghorofa ameukata mfululizo wake wa vipimo, hata kama jina la kituo ni lile lile.

Na si kila chembe ni ya gari. Kuna mkaa wa jikoni, taka zinazochomwa Dandora, vumbi la barabara zisizo na lami. Kwa hiyo mimi hutaka vituo viwili: kimoja barabarani, kingine mbali na magari, tuseme ndani ya Msitu wa Karura. Tofauti kati yao ndiyo inayotusogeza karibu na mchango wa barabara. Ongeza kipimo cha masizi na cha gesi ya naitrojeni dioksidi, maana hivyo hufuata injini kwa karibu zaidi.

Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2015 Afrika Mashariki ikahamia dizeli yenye salfa kidogo zaidi. Gari moja moja huenda likatoa uchafu kidogo kuliko zamani, lakini magari yameongezeka mno, na hewa hupokea jumla yake.

Sasa, ile barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022: imesafisha hewa ya wanaosubiri matatu chini yake? Kujibu hilo kunahitaji vipimo vya pale pale stejini, vilivyoanza kabla ya nguzo ya kwanza kusimamishwa. Kumbukumbu za viwanja vya ndege za umbali ambao jicho linaweza kuona hurudi nyuma miongo mingi, na watafiti wamezitumia kukadiria uchafu wa zamani. Ila hizo hueleza ukungu wa jiji zima. Moshi wa dizeli wa steji moja hazitauonyesha.

Karibuni kwa maswali.